Mashine Iliyozimwa Ikaendelea Kutetemeka

Leo nimeaibika mbele ya watu sita, na majina yao yote ninayo.

Wa kwanza ni mjukuu wangu Aikande, mtoto wa mwanangu Eliamani, yule aliyesomea mambo ya mashine. Wa pili ni bosi wake, Injinia Kimaro, mtu wa Machame, mrefu, miwani yake ina kamba. Wa tatu ni Elibariki, anayeendesha mashine yangu ya kusaga hapa Kikwe tangu mume wangu akiwa hai. Wa nne ni Lomayani wa bodaboda, ana ndevu na watoto wanne, nyumba yake iko Sombetini ila kazi anafanyia huku kwetu. Wa tano ni Mama Anaeli, jirani yangu, sauti ya kwanza kwenye kwaya ya akina mama. (Yumo humu kwenye kundi letu la simu. Mama Anaeli, habari za jioni.) Wa sita ndiye aliyenimaliza kabisa. Mzee Zakaria, baba mzazi wa mke wa Eliamani. Mkwe wangu. Mtu ambaye miaka yote hii hata chai sijawahi kuinywa huku namtazama.

Sasa niwaeleze kazi ya Aikande, maana ndiyo iliyonifikisha hapa.

Aikande hatengenezi mashine zilizoharibika. Hiyo ni kazi ya mafundi. Yeye anatakiwa ajue mashine itaharibika lini, ikiwa bado nzima, ili isije ikaharibika. Nilipomweleza Elibariki akasema, "Bibi, hiyo ni ramli." Nikamwambia ramli haina cheti cha chuo.

Yuko kwenye kiwanda kimoja mjini, mwaka mzima kwa majaribio. Leo Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya kuamuliwa, aajiriwe au arudi nyumbani na begi lake. Na mtihani wenyewe ulikuwa huu: kila mmoja achague mashine ya nje ya kiwanda, aipime siku kadhaa, halafu asimame mbele ya wakubwa aseme ina ugonjwa gani na itakufa lini. Wenzake walichagua mashine za mjini. Yeye akachagua yangu. Akasema, "Bibi, hiyo nimekua naisikia."

Basi Jumapili baada ya ibada akaja na kidude. Kidogo, kama kiberiti. Kina taa nyekundu inayokonyeza, chini kina sumaku, na ndani kina laini kama ya simu. Akakibandika ubavuni mwa mashine, pale penye beringi ya kushoto, ile inayobeba mhimili unaozunguka. Ta. Kikashika.

"Kinasikia inavyotetemeka," akaniambia, "na joto lake. Kinanitumia kwenye kompyuta kule mjini."

Halafu akanishika mikono yote miwili.

"Bibi, hiki ni cha kiwanda. Kisipotee. Kikipotea hiki, na kazi imepotea."

Hapo ndipo aliponiharibu. Mtu wa umri wangu humwambii maneno hayo halafu ukapanda gari ukaondoka. Tangu Jumapili nimekuwa mlinzi. Mbwa akibweka, nawaza kidude. Mteja akiinama kuokota punje, namtazama mikono.

Leo asubuhi saa mbili wakaja wanawake wawili wageni, wakasaga, wakasimama kukitazama. Mmoja akasema, "Hiki kingependeza kwenye pikipiki ya mume wangu." Akacheka, akajitwika ndoo, akaenda zake. Mimi sikucheka. Nilikuwa na safari ya kwenda sokoni Maji ya Chai kwa muuza nyama, na Elibariki hawezi kusaga huku analinda.

Nikangoja aende kuchukua ufagio. Nikakibandua. Kiling'ang'ania kama kupe. Nikakifunga kwenye leso, nikakiweka pale mwanamke anapoweka kitu asichotaka kipotee. (Akina mama mnapajua. Akina baba mliomo humu, rukeni mstari huu.) Kikakaa kwa ndani upande wa kushoto, pamoja na ufunguo wa kabati na pini. Nilichoelewa mimi ni kwamba kinapima kwa siku, na siku niliona zimeshatosha. Nikajisikia amani. Ndiyo ilikuwa amani ya mwisho leo.

Kabla ya kuondoka nikamkatia ng'ombe migomba kwa panga. Pwa, pwa, pwa. Kisha Lomayani akanichukua. Barabara yetu mnaijua ilivyo baada ya mvua.

"Lomayani, polepole."

"Bibi, tukienda polepole ndiyo tunaanguka."

Nikarushwa mpaka nikauma ulimi. Kufika kwa muuza nyama, hajakata bado, nikakaa kwenye benchi kimya karibu nusu saa. Akanipimia mafuta ya ng'ombe. Akauliza, "Ya kukaangia, Bibi?" Nikamjibu, "Ya kazi zangu." (Hayo mafuta mnishikie hapo. Tutayarudia, na mimi sitaki.) Nikapanda tena nyuma ya Lomayani, tukarushwa tena mpaka nyumbani.

Nashuka tu getini, simu inaita. Aikande. Anaongea kwa kunong'ona.

"Bibi, mashine inafanya nini sasa hivi?"

Nikatazama. Elibariki anasaga mahindi ya Mzee Zakaria. Mama Anaeli yuko kwenye foleni na ungo wake.

"Inasaga."

"Mliizima saa ngapi?"

"Hatujaizima."

Nyuma yake nikasikia wanaume wanaongea Kiingereza kwa pamoja.

"Bibi, nimewafungulia wakubwa waone moja kwa moja. Imeruka juu kupita kipimo. Ikanyamaza kabisa kama imekufa. Sasa imeruka tena. Na joto limeganda palepale, halipandi wala halishuki. Sijawahi kuona kitu kama hicho. Mwambie Elibariki azime sasa hivi. Watu watoke. Beringi ikiachia, vyuma vya ndani vinaweza kutoboa ukuta wa bati. Kidude kipo?"

"Kipo," nikasema.

(Kilikuwepo. Hakuuliza kipo wapi.)

Jamani, hofu niliyoipata hapo sijui niiandikeje. Nilielewa hivi: kile kidude ndicho kilichokuwa kimeishikilia mashine isipasuke, na mimi nimekichomoa. Nikamwona Elibariki amesimama pale mbele ya chuma, na mke wake ana mtoto wa miezi mitatu. Nikapiga kelele azime. Akazima, akang'oa na fyuzi. Nikawatoa watu wote mpaka nyuma ya banda la ng'ombe. Mzee Zakaria alitoka polepole, mahindi yake yamebaki nusu juu, nusu chini. Hakuuliza kitu. Mama Anaeli aliuliza kwa niaba ya wote.

"Ina nini?"

"Itapasuka."

"Mimi nilisema siku nyingi. Hiyo mashine ina kitu."

Mtaniuliza, kwa nini usikirudishe? Nilijaribu. Nilienda mara tatu. Mara ya kwanza nilifika mlangoni, bati likalia tik, nikarudi mbio. (Lilikuwa jua tu linalichoma.) Mara ya pili nilipiga magoti nje kwanza, nikaomba, nikashindwa kuinuka, Lomayani akaja kuniinua. Mara ya tatu niliingia kabisa, nikatia mkono kifuani, nikamsikia Mzee Zakaria anakohoa nyuma ya banda. Nikautoa mkono. Nikaona bora nife kwa mashine kuliko mkwe anikute katika hali ile. Nikatoka.

Tukakaa hivyo zaidi ya saa nzima. Watu wanne na ng'ombe na mimi, tunatazama banda la bati kama linataka kuzaa.

Pikapu ikaja inarusha matope. Akashuka Aikande na kofia ngumu ya kiwandani, uso umemsinyaa. Akashuka Injinia Kimaro, mkononi ana kompyuta bapa kama sahani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba. Karibuni. Msisogee."

"Imezimwa?"

"Imezimwa, na fyuzi ninayo mfukoni," akasema Elibariki.

Injinia akatazama sahani yake. Akaitazama mashine. Akatazama tena.

"Bado inatetemeka."

Mashine ilikuwa kimya kiasi cha kusikia nzi.

"Inatetemeka kidogo kidogo, kwa mpangilio. Kama mara tisini kwa dakika. Joto thelathini na sita."

Elibariki akarudi hatua mbili. Mama Anaeli akaanza kukemea kwa jina la Yesu, kwa sauti ya kwanza.

"Imefika mia moja," akasema Injinia.

Nikashika nguzo ya banda.

"Mia na kumi. Inapanda sasa hivi tunavyoongea."

"Inasikia," akasema Elibariki. "Bibi, inasikia tunavyoisema."

"Mia na ishirini na tano."

Lomayani akawasha pikipiki.

Aikande peke yake ndiye aliyeingia bandani. Nikamwita, hakugeuka. Aliinama pale penye beringi. Mashine yote imejaa vumbi la unga, ila pale ubavuni pana kisehemu kisafi, cheusi, ukubwa wa kiberiti. Akakigusa kwa kidole. Akatoka, akaichukua ile sahani mkononi mwa bosi wake, akaisoma. Kisha akanitazama, na mimi nilikuwa nimeshika kifua kwa mikono miwili kama mtu anayezuia kuku asiruke.

"Bibi."

"Nini, mama."

"Thelathini na sita ni joto la mtu."

Niliomba wageuke. Elibariki akageuka. Injinia akageuka na kusafisha miwani. Lomayani alisema amegeuka. Mzee Zakaria alielekea kwa ng'ombe, akavua kofia, akaiweka usoni.

Nikafikiri nitakitoa mara moja tu. Sasa ile sumaku. Ilikuwa imekamata ufunguo, na ufunguo umekamata pini, na pini imekamata nguo ya ndani. Nikivuta kimoja vinakuja vyote, na mimi nakuja navyo. Nikazunguka nguzo. Aikande akaja kusaidia, akakwama yeye naye na kofia yake ngumu shingoni kwangu. Mama Anaeli, ambaye hakugeuka hata kidogo, akawa anatuelekeza: "Upande ule. Si huo. Ule wa kwako, Bibi."

Kikatoka. Nikakiweka kwenye kiganja cha Injinia Kimaro, bado cha moto, na leso yake.

Akatazama sahani. Mstari ukalala chini, kimya.

"Imepona," akasema Lomayani.

Hapo watu wangecheka, na mimi ningekufa kidogo tu kisha nikafufuka. Ila hakuna aliyecheka, kwa sababu ya uso wa Aikande.

Injinia akamwambia taratibu, bila hasira, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Aikande, ripoti yako inasema beringi ya kushoto itakufa ndani ya wiki mbili. Umetoa sababu kwamba joto linapanda siku hadi siku na inakwaruza. Sasa niambie. Nitajuaje kwamba zile siku za mwanzo nazo hazikuwa za Bibi?"

Aikande akaitazama ile sahani mara moja.

"Sina cha kukuonyesha, Injinia."

Akavua ile kofia. Nikaliona begi lake mlangoni kwangu. Nikaona miaka minne ya chuo inarudi na kuanika kahawa nyuma ya nyumba. Na mkononi mwangu nilikuwa bado nimeshika kile kifuko cha Maji ya Chai, mafuta yameanza kuyeyuka yananidondokea miguuni.

Ningenyamaza, ningebaki na aibu moja. Na moja ingenitosha mpaka kaburini. Mama Anaeli yuko pale, masikio wazi. Nikamtazama yeye, nikamtazama mtoto.

"Baba Injinia," nikasema, "hiyo beringi inakufa kweli. Mimi ndiye ninayeiua."

Injinia akavuta debe la Mzee Zakaria, akaligeuza, akalikalia.

"Aikande, huwa tunafanyaje?"

"Tunauliza kwa nini mara tano."

"Uliza. Mimi nasikiliza tu."

Mjukuu wangu akafungua daftari akasimama mbele yangu kama polisi.

"Bibi, kwa nini beringi inakufa?"

"Haipati grisi."

"Haipati?" akaruka Elibariki. "Si naipaka kila Jumatatu kutoka kwenye kopo?"

"Kopo ni la grisi," nikasema. "Ndani ni mafuta ya ng'ombe. Nayayeyusha mwenyewe, nakujazia wewe ukiwa umeenda kula."

Elibariki akakaa chini kabisa, kwenye majani. Miaka miwili mtu anapaka mashine supu.

"Kwa nini mafuta ya ng'ombe, Bibi?"

"Grisi inanuka."

"Kwa nini harufu ikusumbue, na grisi iko nje ya unga?"

"Kuna mtu alisema unga wangu unanuka petroli."

"Kwa nini usimwambie Elibariki atafute njia nyingine?"

"Niliogopa na yeye angeamini."

"Kwa nini uliogopa hivyo maneno ya mtu mmoja?"

Hilo la tano ndilo lililonikwamisha. Nikatazama chini. Nikasema kwa sauti ndogo kwamba maneno yenyewe yalisemwa nje ya kanisa, akina mama wote wanasikia, na wiki ile wateja saba walihamia mashine nyingine, na majina yao ninayo. Na mashine ile ndiyo iliyomsomesha Eliamani, ndiyo iliyomsomesha na yeye anayeniuliza. Ikifungwa, mimi sina kitu kingine chenye jina la babu yake.

Wote wakageuka taratibu kumtazama Mama Anaeli.

Mama Anaeli akautazama ungo wake. Akasema, "Nilisema unanuka *kidogo*."

Elibariki akafungua beringi bila kuambiwa. Harufu iliyotoka ilikuwa ya kibanda cha chipsi. Ndani kumeganda kama ugali ulioungulia chini ya sufuria. Injinia akaichukua, akaizungusha sikioni, ikalia kama mtu anatafuna mchanga. Akampa Aikande naye asikilize. Wakatazamana. Ndipo Injinia Kimaro akaanza kucheka, akavua miwani, akacheka mpaka debe likapinduka.

"Wiki mbili umeipendelea kwa sababu ni ya kwenu," akamwambia. "Mimi ningeipa siku kumi. Ripoti yako iko sawa. Ila ulibandika kifaa cha kiwanda kwenye nyumba ya mtu, ukamwambia kisipotee, hukumwambia kisibanduliwe. Hilo nalo liandike."

"Nimeshaandika," akasema Aikande.

"Jumatatu saa moja uwe kazini. Na mletee Bibi ile grisi ya mashine za chakula."

Kumbe ipo. Grisi isiyonuka, ambayo hata ikigusa unga haimdhuru mtu. Wanayo kiwandani, makopo na makopo. Miaka miwili nayeyusha ng'ombe jikoni kwa kujificha, na mwaka mzima mjukuu wangu anafanya kazi mlango wa pili na hiyo grisi. Sikuuliza kwa sababu niliogopa. Hakusema kwa sababu hakujua.

Wamefunga beringi mpya jioni, Mzee Zakaria akamaliziwa mahindi yake. Aliaga kwa kuitazama mashine, si mimi. Nashukuru.

Kabla ya kupanda gari Aikande alinivuta pembeni akanionyesha ule mstari wa kwangu. Ile miruko ya panga anaijua, ya Lomayani anaijua. Akaweka kidole kwenye ile nusu saa ya benchi, nimekaa tu kimya. Tuk, tuk, tuk, halafu kama pigo moja limerukwa. Tena mbele, lingine.

"Labda ni kidude," nikamwambia.

"Labda. Ingekuwa mashine, nisingengoja iharibike ndipo nijue."

Nilicheka mbele yake. Alipoondoka sikucheka. Jumanne, kwa ruhusa ya Injinia, ananipeleka hospitali nikapimwe moyo, na nimekubali kwa sharti moja tu, asije na lile daftari la kwa nini.

Haya, ndivyo ilivyokuwa. Mliokuwepo, kama kuna mahali nimechanganya, nani alisimama wapi, nani alisema nini kwanza, nisahihisheni hapahapa, kichwa si kile cha zamani. Nimeandika kwamba Mzee Zakaria aliweka kofia usoni kabla sijatia mkono. Kama aliiweka baadaye, hilo peke yake msinisahihishe.